Mama Mkwe Niliyemwacha Kilimambogo

Wazee wangu walikuwa wamekwenda Kalimoni mara mbili kuniombea mke, na mara zote mbili walirudi bila jibu. Baba wa msichana alikuwa ameshafariki, na baba zake wadogo hawakuwa na neno. Aliyekuwa na neno ni mama yake. Alisema hanijui, na alichosikia juu yangu hakikumpendeza. Alisema vijana wa ofisi za mashamba ya Wazungu, wenye kalamu mfukoni na mafuta kichwani, hawana haya tena. Wanamshika mwanamke mzima mkono na kumkodolea macho usoni wakidhani huko ndiko kusoma.

Wazee wangekwenda mara ya tatu Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho. Ukikataliwa mara ya tatu unaambiwa utafute kwingine, na mimi sikutaka kwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilimtaka yule tu.

Sina budi kueleza jambo hili kwa vijana wa leo, ambao huwakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera. Kwetu Wakikuyu wakati ule, mwanamume na mama wa mke wake walioneana haya. Humtazami usoni. Hulitaji jina lake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na iliagizwa ianze mapema, hata kabla ya neno kukubaliwa, ili mama aone umelelewa na watu.

Sasa, nilikuwa karani katika shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Kila asubuhi niliandika majina ya wachumaji. Kwa sababu hiyo katekista wetu aliniona mtu wa maana, na alipopanga matembezi ya kanisa kwenda mlima Kilimambogo siku iliyofuata Krismasi, mimi ndiye niliyepewa barua na orodha. Siku hizi mlima ule ni mbuga ya taifa, una lango na mlinzi mwenye sare. Wakati ule ulikuwa mlima tu wenye nyati wengi kuliko watu, na ruhusa ya kuupanda iliombwa kwa Mzungu mwenye ardhi.

Tena kulikuwa na ruhusa nyingine. Hali ya hatari iliyotangazwa kwa ajili ya wapiganaji wa msituni ilikuwa imelegea lakini haikuwa imeondolewa, na Mkikuyu hakutoka sehemu moja kwenda nyingine bila karatasi. Barua kutoka ofisi ya DC ilisema: watu ishirini na wawili pamoja na dereva, kwenda Kilimambogo na kurudi siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilinakili majina kwenye orodha kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipofika kwa wanawake wa Kalimoni, kalamu ilisimama. Jina la kumi na saba lilikuwa la mama yake yule msichana.

Niliuliza kwa ujanja ujanja nikaambiwa alijiandikisha mwenyewe. Alimwambia jirani yake kwamba anakwenda kuutazama mlima, lakini jirani hakuwa mjinga na mimi pia sikuwa. Alikuwa anakuja kunitazama mimi.

Tuliondoka Ruiru kukiwa na baridi ya kukata masikio, katika lori la shamba lililonuka maganda ya kahawa. Wanawake wa Kalimoni walitungoja kando ya barabara na vitambaa vyeupe vichwani. Nilipoona lori linapunguza mwendo, niliruka nikaenda kujishughulisha na gurudumu la nyuma ambalo halikuwa na shida yoyote. Nilimsikia akimwambia dereva kwamba kiuno kinamsumbua na angependa kukaa mbele. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Nilichokiona, kwa chini ya lori, ni raba zake nyeupe zikipanda. Kwa hiyo siku ile nzima nilimjua kwa sauti na viatu.

Tukapita Thika na viwanda vyake, tukaingia katika mashamba ya mkonge, mistari na mistari mpaka macho yakachoka. Kwenye daraja la mto Athi palikuwa na kizuizi. Askari wa zamu alikuwa Mkamba wa makamo, mwembamba, mwenye fimbo nyeusi. Alisoma barua polepole, kisha akaanza kutuhesabu kwa kutuelekezea fimbo mmoja mmoja. Wanawake waliguna. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole, sembuse fimbo. Ni kumtafutia msiba. Wengine walijifunika nyuso kwa shuka.

"Ishirini na mbili," askari akasema. "Rudini ishirini na mbili."

Lori lilipanda mlima likinguruma kama linalokasirika, kona baada ya kona, mpaka likafika mahali penye uwanja mdogo na kaburi la mlowezi mmoja wa zamani. Hapo dereva alisema injini imechemka na yeye hapandi zaidi, akalala chini ya lori. Sisi tukaendelea kwa miguu.

Ulikuwa msitu mzito, wa baridi, na njia ilikuwa na mavi ya nyati mabichi kila baada ya hatua kadhaa. Mbega walituruka juu ya vichwa na mikia yao mirefu myeupe. Pongo mmoja alisimama njiani akatutazama, akatuona hatuna maana, akaondoka. Wanawake walipanda kwa kupokezana wimbo wa kanisa, na pumzi ilipowaishia walicheka. Sikumbuki vizuri uzuri wa njia ile, kusema kweli. Nilikuwa na kazi. Kila raba nyeupe zilipokaribia mbele, mimi nilirudi nyuma. Ziliposimama kupumzika, mimi nilijificha nyuma ya mti. Nafikiri niliuzunguka mlima ule kuliko mtu yeyote aliyewahi kuupanda.

Juu kabisa mawingu yalikuwa yamefunguka. Upande wa kaskazini tuliona Mlima Kenya na theluji yake, ambao babu zetu waliuelekea wakiomba, na wazee wawili wakavua kofia bila kusema kwa nini. Chini tuliona moshi wa Thika, mto ukijipinda, na mashamba ya mkonge yaliyokuwa madogo kama mkeka. Katekista alituonyesha Kilimanjaro upande wa kusini. Lilikuwa wingu, na baada ya muda liliondoka, lakini hakuna aliyemwambia. Tukala irio, viazi vilivyopondwa na mahindi, na mayai ya kuchemsha, tukanywa chai iliyopoa kutoka kwenye chupa. Mimi nilikula nimewapa watu mgongo. Mzee mmoja aliniuliza kama nina ugonjwa wa macho.

Tulirudi kwenye lori mnamo saa nane. Nikapanda kwenye jiwe, nikatoa orodha na penseli, nikaanza kuita majina. Kila aliyeitika nilimwekea alama na akapanda nyuma. Jina la kumi na sita, alama. Nikafika la kumi na saba.

Ningewezaje kulitaja? Mbele ya kanisa zima, mimi, kijana niliyekuwa nikiomba binti yake, nisimame juu ya jiwe nimwite jina kama mchumaji kahawa? Nilitupa jicho kwenye kiti cha mbele cha lori. Kiondo chake, kikapu cha kusuka, kilikuwa pale, kimewekwa vizuri, na kitambaa juu yake. Sikuthubutu kutazama zaidi ya kiondo. Nikaweka alama, nikaliruka nikaita jina la kumi na nane.

Dereva alipoingia akaona kiondo tu, akadhani mama ameamua kukaa nyuma na wenzake. Wenzake wa nyuma walidhani yuko mbele. Nami nilikuwa nimefunga mlango wa nyuma kwa komeo na kupiga bati mara mbili, twende. Wanawake waliimba njia nzima mpaka darajani.

Askari alikuja na fimbo yake. Alituhesabu mara moja, akasimama. Akahesabu tena, safari hii kwa kugusa bati la lori.

"Asubuhi mlikuwa ishirini na mbili. Sasa ni ishirini na moja. Huyo moja iko wapi?"

Nilisema watu wote wapo, orodha hii hapa. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Si huyo mama wa kiuno iko nyuma na nyinyi?"

"Nyuma wapi?" mwanamke mmoja akauliza. "Si yuko mbele?"

Mwanamke yule akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ngai! Tumemwacha!"

Niliwahi kuogopa siku zile, kila mtu aliogopa, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuogopa jambo nililolifanya mwenyewe kwa mkono wangu, kwa penseli.

Askari alisogea karibu nami. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Sikiza, karani. Mtu akipotea Nairobi, amepotea. Mkikuyu akipotea msituni, mkubwa wangu atasema amepeleka chakula kwa watu wa msituni. Nitaandika hivyo, na nyinyi wote mtalala ndani. Sasa ni saa tisa. Wewe na dereva rudini. Hawa wengine watakaa hapa na mimi. Saa kumi na moja na nusu nikiona lori bila huyo mama, naandika."

Tulirudi mlimani sisi wawili. Dereva alikuwa mtu wa maneno, na hata siku ile hayakumwisha. "Mimi nimeona watu wakikimbia mama mkwe," alisema akibadilisha gia. "Lakini kumwachia nyati, hapana. Hiyo sijaona."

"Hajawa mama mkwe."

"Na sasa hatakuwa."

Nilikuwa nikifikiri jinsi nitakavyosimama mlangoni kwa yule msichana na kumwambia kwamba mama yake nilimwacha mlimani kwa kuwa nilikuwa na adabu. Nilijaribu kuyapanga maneno hayo kwa kila namna na hayakukubali.

Pale penye kaburi hapakuwa na mtu. Dereva alipiga honi. Tukaita, "Mama! Mama wa Kalimoni!" Msitu ukanyamaza, hata mbega wakanyamaza. Tukaita tena. Hakuna.

Dereva hakutaka kuliacha lori, akanipa chuma cha kuwashia injini nikaingia msituni peke yangu. Niliita "Mama" mpaka koo likakauka. Ndipo nikaelewa kwa nini haitiki, kama yu hai. Siku zile mwanamke mwenye akili hakuitika sauti ya mwanamume asiyemjua, awe nyumbani au msituni. Hakujua ni askari au ni watu wa msituni, na wote wawili walikuwa na maswali. Na mimi sauti yangu hakuijua. Nilikuwa nimejitahidi kutwa nzima asiisikie.

Basi nilisimama, nikavuta pumzi, nikapaza jina lake lote, la ubatizo na la kuzaliwa. Nililipaza mara mbili. Masikio yalinichoma kwa aibu ingawa hapakuwa na wa kunisikia.

"Ni nani huyo ananitaja jina?" Sauti ilitoka juu kidogo, upande wa kushoto, wala haikuwa mbali.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Karani. Wa Ruiru."

"Karani, simama hapo hapo ulipo. Kuna nyati."

Nikamwona. Dume zee lenye matope mgongoni, limelala katikati ya njia nyembamba, hatua kama thelathini mbele yangu, likitafuna na kunitazama. Mama alikuwa juu ya mwamba ng'ambo yake. Chuma mkononi kilikuwa kama kijiko. Tulikaa hivyo, sisi watatu, sijui kwa muda gani. Kisha dereva kule chini alipiga honi tena, ndefu, ya hasira, na dume lile likainuka kwa uvivu, likapiga chafya, likaingia msituni likivunja miti.

Niligeuka haraka nikampa mama mgongo. Nilimsikia akishuka kwenye mwamba, akiguna kwa maumivu.

"Umenitaja jina," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni mbuzi."

Kwa desturi, kosa kama hilo hulipiwa faini ya mbuzi. Nilisema nitatoa. Kisha nikamsikia akipiga hatua moja na kusimama. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka alipoukimbilia mwamba. Nilimwuliza, nikiuambia mti ulio mbele yangu, kama nimbebe mgongoni.

"Afadhali nimwite nyati arudi," akasema.

Nilivunja tawi refu nikalinyoosha nyuma yangu. Alilishika ncha ya upande wake, nami nikashika ya kwangu, tukashuka hivyo, mimi mbele kama ng'ombe wa kukokota, yeye nyuma akichechemea. Hatukugusana na hatukutazamana. Labda ndiyo sababu aliweza kusema.

"Nilikuwa nimekwenda kando, shughuli ya wanawake," alisema. "Nilisikia kwa mbali majina yakisomwa. Nikangoja langu niitike. Nikajiambia, bado hawajafika kwangu. Mara nikasikia lori linaondoka. Nilipotaka kukimbia, yule mnyama akatokea."

Nililiepusha tawi na mzizi uliokuwa njiani.

"Kwa nini hukulisoma?"

"Nilishindwa kulitaja."

"Na kwenye kiti hukuniangalia?"

"Niliona kiondo. Sikuthubutu kuangalia zaidi."

Tawi lilitulia kidogo mkononi mwangu, kama mtu aliyesimama. Kisha likaendelea.

"Na leo hii umelitaja. Umepata wapi nguvu?"

"Nilidhani umekufa," nikasema. Sauti ilinikatika hapo, nami sikujaribu kuificha. Tukashuka hivyo mpaka kwenye lori.

Tulifika darajani saa kumi na moja na dakika chache. Wanawake walitukimbilia wakapiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Askari aliwanyamazisha. Alichukua kipande cha mama, kitambulisho chake, akakisoma, akakigeuza. Hakikuwa na picha. Alimwuliza alikuwa akifanya nini msituni, na mama akamjibu kwamba kama ana mama yake nyumbani aende akamwulize wanawake hufanya nini vichakani. Watu walicheka kidogo. Askari hakucheka.

"Mimi sijui kama huyu ni yule wa asubuhi," alisema. "Labda yule amebaki huko na mmeniletea mwingine. Karani, wewe ndiye mwenye barua. Njoo hapa. Mtazame uso huyu mama, uniambie ni yeye."

Nilikwenda. Mama alikuwa ameketi mbele, mlango umefunguliwa. Nilitazama raba. Hazikuwa nyeupe tena, lakini zilikuwa zile zile.

"Ni yeye," nikasema.

"Umetazama viatu. Nimesema uso."

Sikuinua kichwa. Alirudia, na safari hii fimbo ilinigusa kidevuni. Nilijua ninachotakiwa kufanya, ni kitu cha mara moja tu, kuinua macho, na watu ishirini wangelala majumbani kwao. Shingo ilikataa. Nilisikia mtu nyuma yangu akianza kusali.

Fimbo ikashuka. Askari akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, sauti tofauti kabisa. "Huyu mama ni nani yako?"

Wakamba nao wana haya ile ile na mama wakwe zao. Alikuwa ameanza kuelewa. Ningesema ni mama mkwe wangu na mambo yangekwisha hapo. Lakini haikuwa kweli. Jibu halikuwa langu kulitoa; lilikuwa lake, na siku yake ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwake, mbele ya wazee. Ningemnyang'anya mbele ya kanisa zima. Nilifunga mdomo. Katekista alikohoa kunihimiza, nikazidi kuufunga.

"Nakuuliza."

"Mwache kijana," mama akasema kutoka ndani ya lori, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Hawezi kunitazama. Mimi ni mama mkwe wake."

Kisha wanawake wa Kalimoni wakalipuka, na mmoja akanipiga mgongoni kwa ngumi mpaka nikayumba.

Askari alirudi nyuma hatua mbili. Aligeuka akautazama mto, akampa mama nafasi ya kufunga mlango, kisha akanirudishia barua bila kuhesabu mtu tena.

"Ungesema mapema," aliniambia.

Nilipanda nyuma. Walinicheka mpaka Thika, na mimi nililia mpaka Thika, na kila mmoja wetu alikuwa na haki yake.